Mama Nyuzi na Upepo Unaogeuzwa

Kwetu ukiona uzi mwekundu kwenye chai, usimlaumu mpishi. Mpishi ni mimi, na uzi ni wa mke wangu. Huja nao kwenye mikono ya koti, kwenye nywele, hata ndani ya soksi, na mtaa mzima unamwita Mama Nyuzi. Yeye kazi yake ni kuchunguza upepo wa injini za ndege. Mimi ni kinyozi. Mama mkwe alipoulizwa tumepatanaje, alijibu, "Mmoja anapuliza, mwenzake anafagia."

Ndege ikishagusa ardhi, kifuniko cha injini husogea nyuma, na hewa iliyokuwa ikiisukuma ndege hukutana na safu za vibati vilivyopinda vinavyoigeuza ielekee mbele. Ni kama mtu aliyekuwa akikusukuma mgongoni aje ghafla akuzuie kifuani. Mke wangu anataka kujua hewa hiyo ikishageuka inakwenda wapi, maana injini ikimeza pumzi iliyoitema, inapaliwa. Basi ametengeneza injini ya mfano, kubwa kama ndoo, akaibandika vipande vya uzi kila mahali na kuiweka ndani ya bomba pana lenye feni mwishoni. Feni, na kompresa inayoipulizia injini hewa, zikiwashwa, kila uzi hulala kuelekea upepo unakokwenda. "Haya wanangu, geukeni!" huziambia. Nimemsikia kwa masikio yangu. Na mtu huyu wakati huo alikuwa hajawahi kupanda ndege! Nilipomtania kwa hilo, alikitazama kichwa changu kilivyo kichaka na kusema, "Kinyozi hajinyoi."

Miaka miwili alipiga hesabu za vibati vyake. Vya upande mmoja viipeleke hewa juu, vya upande wa pili viipeleke pembeni, ili isirudi kinywani mwa injini. Jumamosi moja ikawa ndiyo nafasi yake ya mwisho. Mkuu wa maabara alikwisha sema kwamba nyuzi zisipokubaliana na hesabu siku hiyo, bomba linakwenda kwa watu wa magari, na kazi yake inafungiwa kabatini.

Mchana akatoka maabara, akavuka barabara, akaingia dukani kwangu na kujitupa kwenye kiti cha wateja.

"Zinarudi kinywani," alisema. "Nyuzi zote za mbele zimeingia ndani. Hesabu zangu mbovu, mume wangu."

"Mkuu kasemaje?"

"Kaenda kula. Akirudi, anafunga."

Moyo uliniuma. Ningemkumbatia, ila nilikuwa na wembe mkononi, nimesimama mbele ya mwalimu mmoja mstaafu aliyejaa povu mashavuni.

"Sharubu nipunguzie hapa kushoto," mzee alisema.

"Kushoto kwako au kwangu, mwalimu?" nilimuuliza, kama ninavyowauliza wateja kila siku ya Mungu.

Mke wangu akasimama wima. "Mungu wangu! Nilisimama mbele yake!"

Akatoka mbio, mkoba kauacha. Nikauchukua na kumfuata, na mwalimu naye akanifuata na povu lake, maana hakutaka kupitwa na uhondo.

Tulipomfikia mlangoni mwa maabara alikuwa akicheka na kuhema. Watu wa ndege, alituambia, huhesabu kushoto na kulia kama rubani aliyeketi akitazama mbele. Fundi aliyevitengeneza vibati alikuwa ameviandika kushoto na kulia kwa mtindo huohuo. Yeye mwenyewe asubuhi, kwa haraka na hofu, alivifunga akiwa ameielekea injini uso kwa uso, kushoto kwake akakufanya kushoto kwa injini. Alivifungua, akavibadilisha upande, akakaza skrubu.

Mkuu akarudi, akamtazama mwalimu. "Na huyu ni nani?"

"Shahidi," mzee alijibu, akapangusa povu.

Feni ikaanza kunguruma. Nyuzi zilitikisika, zikahangaika kidogo, kisha za ubavuni zikageuka, hizi juu, zile pembeni. Nilikodolea macho zile za kinywani. Hakuna hata moja iliyosukumwa ndani na pumzi iliyokwisha kutemwa, zote zilitulia. Mke wangu alilia na kucheka kwa pamoja, nami nikamkumbatia, wembe nimeshautia mfukoni.

"Watu wa magari watasubiri," mkuu alisema. "Na hili utakwenda kuwaeleza wenzetu ng'ambo."

Ng'ambo haiendeki kwa miguu. Tulikwenda wote wawili, yeye dirishani karibu na bawa, mimi nimefumba macho kwa woga. Magurudumu yalipogusa ardhi alinibana mkono mpaka nikafumbua. Nje, kifuniko cha injini kilikuwa kinasogea nyuma taratibu.

"Haya wanangu," alinong'ona, machozi yakimtiririka, "geukeni."

Sikuona uzi hata mmoja. Lakini ngurumo ilipanda, mkanda ukanibana kifuani, na ndege nzima, pamoja nasi, ikapunguza mwendo.