Kiungo wa Vuga na Zamu ya Maji

Kila mwaka chuo kimoja cha huko tambarare kilikuja kutuchukulia mchezaji. Hakikuja kwa kificho. Kocha wao alipanda mlima na gari la chuo, akatazama mechi zetu za majaribio akiwa ameketi kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, na jioni akashuka na namba za simu za wazazi wa yule tuliyekuwa tumempenda. Sisi tulibaki na makipa.

Mwaka ninaousema, mkuu wa chuo aliniita ofisini. Nilikuwa mwalimu wa michezo wa wasichana, kazi niliyopewa kwa sababu nilionekana nina raba. Akaniambia yule msichana wa Vuga aliyeng'ara kwenye majaribio asishuke mlima, mtoto wa Kishambaa achezee Ushambaani. Yeye mwenyewe ni mtu wa Singida, lakini alisema kwa uchungu.

Msichana huyo alikuwa kiungo. Alikulia kwenye kiwanja ambacho upande wake mmoja ni korongo, na sheria ya kwao ilikuwa moja tu: aliyeupiga mpira ndiye anayeufuata. Mtu akishashuka korongoni mara mbili kwa siku moja, anajifunza kuuweka mpira chini. Pasi zake zilifika zilikotumwa. Chuoni kwetu jambo hilo tulikuwa tunalisikia kwa watu.

Nilikwenda kwao Jumapili. Kocha wa tambarare naye alikwenda Jumapili hiyo hiyo, na mama wa msichana akatuketisha wote wawili kwenye kochi moja, akatupa chai. Alikuwa mjane, mkulima wa karoti na kabichi, mwenye goti bovu alilolinyoosha mbele yetu wakati wote wa mazungumzo.

Nikaeleza chuo chetu: ualimu, miaka miwili, karibu na nyumbani. Kocha akaeleza chake. Akasema wana kozi ya maabara, na kwa alama zake za sayansi msichana angeingia bila shida. Hapo msichana akainua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Niliona. Naandika kwamba niliona, kwa sababu baadaye nilijifanya sikuona.

"Vyuo vyote vizuri," mama akasema. "Mimi nina neno moja. Alhamisi ni zamu yetu ya maji. Goti hili haliwezi kuinamia mfereji, na kaka zake wako Dar. Huyu ndiye mkono wangu. Akiondoka, nani atanifungulia?"

"Mama, hilo tutaliangalia kiutaratibu," kocha akasema.

"Nitafungua mimi," nikasema.

"Kila Alhamisi, mwalimu?"

"Kila Alhamisi, mama."

Mama akamtazama binti yake. Binti akatazama sakafu. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Kocha alichelewa kwa sentensi moja tu, akamaliza chai yake akaondoka.

Ndivyo nilivyoanza kumwagilia kabichi za watu. Alhamisi, kipindi cha mwisho kikiisha, nilipanda gari mpaka Soni, kisha bodaboda mpaka Vuga, nikavaa mabuti ya marehemu baba wa msichana na kushika jembe. Kuna bwawa dogo juu ya mashamba, wanaliita ndiva, na kila kaya ina saa zake. Unaondoa mawe na udongo kwenye mdomo wa mfereji, unasimama kulinda maji yasipotee njiani. Usiposimama yanapotea, na kila jirani atakusaidia kushangaa yamekwenda wapi.

Mwezi wa pili kamati ya maji iliniita, nikashtakiwa kwa kuzidisha zamu. Nilijitetea kwamba nilikuwa nasahihisha madaftari, sikuona saa. Adhabu ilikuwa kuchota tope ndivani siku mbili, nami nikachota. Wanawake waliokuwa wakipita walinisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu," kisha wakaenda kucheka mbele kidogo. Nyumbani mume wangu aliniambia anafurahi kusikia kabichi za Vuga zinaendelea vizuri, maana mchicha wetu umekauka.

Lakini timu ilishinda. Kwa miaka miwili tuliwafunga hata wale wa tambarare, na mkuu wa chuo akaanza kuja kiwanjani na mwavuli. Msichana alicheza vizuri, akafanya vizuri darasani, akaniheshimu. Sikumwona akicheka sana, nikasema ndiyo tabia yake.

Alipokaribia kumaliza cheti, mkuu wa chuo akataka abaki kwa stashahada, yaani miaka miwili mingine ya ubingwa. Kocha wa tambarare naye akarudi, safari hii akazungumza na msichana mwenyewe. Jioni akanipigia simu.

"Madam, umetushinda tena," akasema. "Nafasi ya maabara bado ipo. Nimemuuliza kama anataka. Anasema kutaka anataka, ila hawezi kuondoka, maana wewe ndiye unayemwagilia kwao."

Nilifurahi. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo, naye akaagiza soda, nikanywa yangu yote. Usiku huo sikulala vizuri, nikasingizia soda.

Alhamisi iliyofuata nilifungua maji kama kawaida, kisha nikaenda kuketi kando ya mama. Nikamuuliza kama atakubali binti aende tambarare, mimi nikiendelea kuja.

"Kwani maji si ya chuo?" akauliza. "Mimi nilidhani ukimchukua yeye ndipo tunapata wewe. Nikamwambia mwanangu, tulia, tusije tukakosa yote."

"Maji ni yangu mimi," nikasema. "Nitakuja hata akienda."

"Basi kamwambie mwenyewe. Mimi nilishamwambia hapana."

Nilimkuta Ijumaa kiwanjani, mazoezi yamekwisha, wenzake wamekwenda kuoga. Nikamwambia aende akasome maabara. Nikamwambia Alhamisi ni zangu, iwe anacheza kwetu, iwe anacheza kwao, iwe hachezi kabisa. Nilitarajia afurahi. Nilikuwa hata nimejiandaa kumwambia asilie.

Hakulia. Alihesabu kitu kichwani, nikaona ni miaka.

"Madam, kumbe hata siku ile mlipokuja kwetu ilikuwa inawezekana?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mwanafunzi.

"Ilikuwa inawezekana," nikasema.

Akaketi kwenye nyasi, akavua viatu vya chuo, akavikwangua tope kwa kijiti, kimoja kimoja, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akaenda bwenini peku kufunga mizigo.