Magari Mawili na Mfereji wa Baba Mkwe

Mhariri, nakuomba jina langu ulifiche na kijiji chetu usikitaje, maana huku milimani gazeti moja husomwa na watu arobaini.

Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, fundi wa magari katika shamba moja la mkonge huku tambarare, upande wa Same. Kwetu ni juu, Upareni. Nina mchumba, mwalimu wa shule ya msingi huko huko kwetu, na posa imeshapokewa. Kwa tabia mimi ni mtu wa kuhangaika: nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kuondoka. Lakini wiki hizi mbili nimezidi, hata chakula nakila nikitembea.

Shamba limechukuliwa na umma, na Bwana wetu, Mtaliano, anarudi kwao. Ana magari mawili ya huko kwao, ya milango miwili, ya mbio, yote aliyanunua yakiwa yameshatumika. Moja ni la zamani, limeinuka, rangi imechujuka, na injini yake nimeifungua mara nyingi hadi naijua kwa kupapasa. La pili ni jipya zaidi, jekundu, limelala chini, ukikanyaga mafuta mgongo unabaki nyuma. Bwana akaniambia, "Fundi, wewe ndiye umeyatunza. Moja nakuachia kwa bei ya kuagana. Yaendeshe yote mawili, halafu uniambie." Wenzangu wa karakana wakaanza: "Naizi huyoo, mrithi wa wazungu! Gari la watu wawili, huo ni ujamaa wa wapi?" Nilicheka nao, lakini moyo ulikuwa umeshachagua jekundu.

Jumapili ya kwanza nikapanda nalo mlimani kumwonyesha mchumba wangu. Kwetu maji ya shamba ni ya zamu. Usiku hukusanywa kwenye ndiva, bwawa letu la udongo, asubuhi hufunguliwa yakashuka kwa mfereji, kila nyumba na siku yake. Mfereji huo unakata barabara karibu na nyumba za walimu. Malori huuvuka bila taabu. Lile jekundu lilipofika pale, tumbo likagota ukingoni.

Watu walikuwa kanisani. Mfereji ulikuwa mkavu, kwa sababu Jumapili ndiva haifunguliwi. Nikaujaza mawe na udongo, nikapita. Mchumba wangu, aliyekuwa amebaki nyumbani kwa homa, akatoka, akacheka, akapanda, tukazunguka uwanja wa shule mara mbili. Sijapata kujiona mtu kama siku ile. Kurudi, nikapita juu ya mawe yangu yale yale, nikashuka nikiimba. Kuyaondoa nilisahau. Hapana, niseme kweli: nilikumbuka nikiwa kona ya pili, nikaona uvivu kurudi.

Jumatatu maji yakafunguliwa. Yakagonga mawe, yakapasua ukingo, yakamwagikia shamba la mama mmoja mjane lililo pembeni pale pale. Shamba lake likalowa, na haikuwa siku yake, na wenye zamu wakabaki wakitazama vumbi. Kikao kikaitishwa. Mama yule akaapa kwamba hajui mawe yale yametoka wapi, hakuna aliyemwamini. Amenyimwa maji msimu mzima, na maharage yake ndiyo kwanza yanatoa maua. Msimamizi wa maji aliyekata shauri hilo ni baba yake mchumba wangu.

Mimi hayo nilikuwa sina habari nayo. Jumapili iliyofuata nikapanda na lile la zamani, likauvuka mfereji kama halikuuona. Mzee alikuwa kando ya barabara anatazama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hili ndilo gari la mtu anayetaka kuishi na watu. Chukua hili, kijana." Kisha akanikaribisha uji, akanisimulia habari za mjane. "Mtu mzima yule, anaiba maji! Aibu gani hii?"

Nilikunywa uji wake wote, nikamshukuru, nikaaga. Habari ya mawe sikuitaja.

Mchumba wangu akanisindikiza hadi kwenye gari. Akainama kidogo, akaangalia magurudumu, halafu akauliza, "Lile jekundu lilipitaje pale?"

"Polepole," nikasema.

Akainuka. "Basi chukua hilo jekundu, si ndilo unalolipenda? Jumapili uje nalo, na baba alione likipita."

Nikishuka nikakutana na yule mjane, ana debe la maji kichwani, ametoka kuyateka bondeni ayapeleke kwenye maharage. Akapanda ukingoni kunipisha, maji yakamwagikia bega. Akasema, "Nenda salama, mwanangu, wasalimie huko." Nikamwitikia kwa honi. Honi, ndugu zangu!

Bwana anataka jibu. Nikichukua jekundu, nitakwama kwenye mfereji ule mbele ya kijiji kizima. Nikichukua la zamani, mzee atanisifu kwa busara, lakini binti yake atajua kwa nini nimeliacha lile ninalolipenda, na nitaoa mtu anayejua kuwa mimi ni mwongo. Nikikiri, mzee ameshamhukumu mama wa watu mbele ya kikao. Nitamwambia nini, kwamba aliyemwaibisha ni mkwe wake? Wapare na maji yetu mnatujua. Posa itarudi kabla sijafika Same.

Habari za injini msiniandikie, hizo nazijua. Mimi nawauliza jambo moja tu: niende kwanza kwa nani, kwa mzee, kwa mchumba wangu, au kwa yule mama? Nijibuni upesi. Maharage hayangoji gazeti.