Fundi wa Kengele ya Hewa

Huku Nyarugusu tunamwita Fundi wa Kengele, maana programu yake ndiyo inayolia hewa ikiharibika chini ya duara, shimo letu la kuchimbia dhahabu. Kila asubuhi anavua pete, anapangusa kioo cha kompyuta kwa kanga, halafu anaachia kikaguzi, programu nyingine inayosaka makosa, kisome programu yote bila kuiwasha. Mstari wenye mashaka unageuka njano, na yeye anausogelea mpaka pua inagusa kioo, utadhani ananusa mboga. Jana Magesa, baba yake Juliana, alishajifunga kamba ya kushukia kiunoni, akamwita:

"Dada, kengele iko kimya, hewa safi! Tushuke, au kompyuta bado inasali?"

Tukacheka sote. Yeye hakugeuka.

"Baba Juliana, ngoja kwanza. Kipimo cha kule chini kikikatika waya, programu inaandika sifuri. Na sifuri inaihesabu kuwa hewa safi."

Akabonyeza mara moja tu. Kikaguzi kikapita faili kwa faili, kikirekebisha kila penye kosa lile, sisi midomo wazi kama tunaangalia penalti. Akawasha upya. Kengele ikalia palepale: kumbe waya ulikuwa umeshakatika, na hewa ya chini hakuna aliyekuwa akiipima. Magesa, mwenye mdomo kuliko wote mgodini, akaanza kuifungua ile kamba polepole.