Mashanza ya asubuhi ya marathon

Admin, nakuomba ulifiche jina langu kabisa, maana nusu ya mtaa wetu wa Majengo inasoma ukurasa huu, na baba yangu yumo.

Nina miaka ishirini na saba, sijaolewa, nafundisha shule ya msingi hapa Goma na bado naishi kwa wazazi wangu. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, misa hatukosi. Lakini hili ninalotaka kuwaambia, hata kwenye kitubio nimelizungukazunguka tu, nikamtajia padri uvivu na hasira, nikatoka na sala zangu tatu.

Mwaka jana nilijiandikisha kukimbia marathon hapa mjini. Miezi mitano nilikuwa natoka alfajiri, Majengo hadi Keshero na kurudi, vumbi jeusi la volkano mpaka kwenye meno. Vijana wa moto, hizi pikipiki za abiria, wakinicheka, "Mwalimu, nani anakufukuza?" Mtu mmoja tu hakunicheka. Ni jirani yetu, nitamwita Mama Furaha, mjane aliyetoka Masisi, ambaye huuza mashanza, yale maziwa ya kuganda, mbele ya mlango wake. Kila nikirudi ananiita, "Kuya hapa, mukimbiaji. Kunywa, mifupa ikuwe na nguvu." Ananipa kikombe cha bati chenye ua jekundu, kimejaa. Hakutaka hata siku moja nimlipe.

Asubuhi ya mbio alinifuata kwa miguu hadi pale pa kuanzia, kikombe amekifunika kwa kitenge kisimwagike. Mkimbiaji aliyesimama karibu yangu akaninong'oneza, "Maziwa saa hii? Utatapika mbele ya kufika Keshero." Alisema kweli. Lakini ningemwambiaje mama wa watu aliyetembea mwendo wote ule? Nikazunguka nyuma ya ukuta, nikayamwaga yote juu ya mawe, nikajipangusa mdomo, nikamrudishia kikombe. Akakitazama ndani, akacheka kwa furaha. "Umemaliza yote!" Sikuonja hata tone, ndugu zangu. Hilo mlishike.

Mbio zilipita kwanza Majengo. Nilikuwa nimejifunza kuanza polepole, kwenye daftari langu nimeliandika hilo mara kumi. Ila niliposikia mtaa mzima unapiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" kichwa kikavimba. Nikaondoka kwa kasi pamoja na wanaume, mikono juu kama nimeshamaliza. Kwenye kilomita ya ishirini, njia ya Sake, miguu ikakataa. Nikakaa juu ya jiwe. Wanawake wote niliowaacha wakanipita mmoja mmoja, hata mmoja mnene anayeweza kunizaa, akanipungia mkono na kusema, "Pole, mutoto." Nilirudi nyumbani kwa moto, namba bado kifuani.

Nyumbani mama alikuwa amepika sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, majirani wamejaa uani, viti vya kuazima. Baba alikuwa amewatangazia kazini kwake kwamba binti yake atarudi na medali. Walivyoniona nashuka kwenye moto, wote wakasimama. Baba akanishika mabega.

"Leo asubui ulikunywa nini?"

Nilikuwa natafuta neno lolote la kusema isipokuwa ukweli kwamba nilikimbia kwa majivuno. Nikasema, "Mashanza."

"Ya nani?"

"Ya Mama Furaha."

Shangazi akaweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Bamemupa karuho!"

Karuho ni sumu. Huku kwetu neno hilo likishatamkwa, halirudi. Ningeweza kusema hapana papo hapo. Sikusema. Niliona nyuso zao zimebadilika, hakuna tena aliyeniuliza kwa nini nimeshindwa, kila mtu ananihurumia, na huruma ile ilikuwa tamu. Nikaanza kulia. Wakamleta mtu wa dawa za miti, nikanywa dawa chungu kwa ajili ya sumu ambayo sikuinywa, nikatapika mbele yao wote. Kwenye beseni kulikuwa na maji ya kijani tu. Shangazi akainama, akasema ameiona.

Hakuna aliyemtukana Mama Furaha. Waliacha tu kununua. Wamama wakifika kwa mlango wake wanavuka upande wa pili wa njia. Kanisani benchi lake linabaki wazi, anakaa peke yake. Siku moja alisimama mbele ya watu akanywa mashanza yake mwenyewe, vikombe viwili, wakamwangalia na kwenda zao. Mimi nilikuwa dirishani.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu. Wazazi hawakuwepo. Alibaki kwenye lango, hakutaka kuingia.

"Mutoto yangu," akaniambia, "nimefikiri sana. Mi siko mutu wa karuho, Mungu anajua. Lakini pengine ile kikombe sikuiosha muzuri. Pengine njo mi nilikuharibia mbio. Unisamehe."

Mnajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Nimekusamehe, mama."

Akajifuta machozi kwa kile kitenge. Akanishukuru! Akasema sasa anaweza kuondoka na roho nyeupe, maana mwisho wa mwezi anahamia kwa dada yake huko Kalengera. Hapa hana tena wa kumuuzia.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikiutoa ukweli, baba ambaye alisimulia habari za sumu hadi kazini kwake ataweka uso wake wapi? Na mtaa wataniamini, au watasema Mama Furaha amenitisha? Nikimwambia yeye peke yake, ataondoka akijua, lakini jina lake litabaki chafu huku Majengo. Nimerudia mazoezi, jamani, ila napita barabara nyingine ili asinione, maana najua ataniita ninywe.

Nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini mnishauri kabla mwezi haujaisha: nimemsamehe mtu ambaye hakunikosea, sasa mimi nianzie wapi kumwomba msamaha?