Yaya Solange, aliyesema kila kitu mara mbili

Tik-tik. Ni sauti ya rubani akibonyeza kitufe cha redio mara mbili bila kusema neno. Maana yake: nimesikia. Miaka imepita na bado iko masikioni mwangu.

Leo naisikia zaidi, maana jana tulimzika Solange. Naandika "tulimzika" na mkono unakataa.

Nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada zetu wakubwa. Wengi wenu mlimjua kanisani, yule mama mrefu aliyesimama pembeni ya pasta na kugeuza Kiswahili kuwa Kinyarwanda kwa ajili ya wamama wanaoshuka kutoka vijiji vya Kibumba na Kibati.

Mimi nilimjua kwanza juu ya mnara wa uwanja wa ndege wa mji wetu, kando ya ziwa. Yeye aliongoza ndege kwa redio, mimi nilikuwa stagiaire wake, mwanafunzi mwenye diploma mpya na kiburi kipya.

Mnara wetu haukuwa na rada. Tulijua ndege iko wapi kwa sababu rubani ametuambia, basi. Na marubani wengine walisema Kifaransa, wengine Kiingereza, wote kwenye redio moja. Kwa hiyo yaya alitoa kila agizo mara mbili, kwa lugha zote mbili, ili kila aliye angani ajue mwenzake yuko wapi.

Wenzake walimtania. "Maman interprète, mama mkalimani, hapa si kanisa!"

"Mi niko na kazi moja tu, siku saba," aliwajibu. "Nyinyi njo muko na chômage, bila kazi, siku ya Mungu."

Asubuhi ile mawingu yalikuwa yameshuka juu ya ziwa. Mimi nilikuwa kwenye mikro, kipaza sauti cha redio, yeye nyuma yangu akiandika kwenye kitabu cha zamu. Ndege ya mizigo, rubani wake wa Kiingereza, ilikuwa inazunguka juu ya ziwa ikisubiri zamu yake kwenye futi elfu nane. Ikaja ndege ndogo ya abiria, rubani wake wa Kifaransa, ikaomba kushuka. Nikaruhusu kwa Kifaransa: shuka hadi futi elfu nane.

Elfu nane. Nilisahau kwamba pale pana mtu.

Na sikurudia kwa Kiingereza. Nilijiona nimesoma, kurudia kama kasuku niliona haya. Yule wa mizigo alisikia sauti yangu, hakuelewa kitu, akaendelea kuzunguka ndani ya wingu.

Yaya akainua kichwa. Kosa lenyewe hakuwa amelitambua. Alikuwa amesikia lugha moja tu, na hilo lilimtosha.

"Sema tena! Ule mwingine hayasikia!"

Akaninyang'anya mikro na kurudia maneno yangu kwa Kiingereza, na rubani wa mizigo akapiga kelele: "Lakini hapo niko mimi!"

"Panda! Geuka kushoto, sasa hivi!" Halafu, bila kuvuta pumzi, akamwambia wa abiria kwa Kifaransa kwamba kuna ndege mbele yake, asishuke tena, ageuke kulia.

Kimya.

Tik-tik.

Rubani wa mizigo alikuwa amebaki na kidole tu, sauti hana. Na yule wa abiria akaja kusema, polepole, kwamba wako wazima.

Rubani huyo wa abiria alipotua, alipanda mnarani. Alisema ndege ya mizigo ilipita karibu hadi akaona rubani mwenzake amevaa kofia nyekundu. "Nani alikuwa anaongea na mimi?"

"Keti kwanza, papa, kunywa chai," yaya alimwambia. "Ni huyu mutoto wangu, na mi njo mukubwa wake. Yote tutaandika." Akaandika kweli, jina langu na jina lake, bila kuficha kitu.

Kesho yake akanivutia kiti mbele ya mikro. Nilikataa, nikaomba kazi ya mafaili. Kila wiki alinivutia kile kiti, kila wiki nilikataa, hadi vita vikafika mjini na uwanja ukafungwa. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe. Hakuna tena aliyeniomba niongee.

Mwezi uliopita figo za yaya zilichoka. Nilienda kumwona hospitali.

"Jumapili usimame pahali pangu kanisani," alisema. "Kinyarwanda unajua, ya kwenu Masisi. Mama yangu anashuka toka Kibumba, na Kiswahili ya pasta hasikii. Nani atamwambia?"

"Yaya, sauti yangu ilikaribia kuua watu."

"Sauti yako haikukosa kitu. Ulikosa kurudia, njo ile tu."

Nilimuaga, nikaondoka.

Mara ya mwisho alikuwa na oksijeni puani, hawezi tena kusema. Macho yake yaliuliza swali lile lile. Hatukuwahi kudanganyana, kwa hiyo nilimwambia ukweli: "Siwezi, yaya."

Akagonga chuma cha kitanda kwa pete yake. Tik-tik.

Amesikia. Kati ya maneno yote niliyonayo, hilo ndilo la mwisho alilopokea kutoka kwangu.

Jana kanisani mama yake alikaa mbele, kitenge kimemfunika hadi kwenye nyusi. Pasta alisema sentensi moja juu ya Solange, kisha akanyamaza. Ni mazoea. Miaka yote ameacha nafasi hiyo ili yaya aseme.

Hakuna aliyesema. Kanisa zima tuliisikia ile nafasi. Mama aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta uso wa mtu wa kumwambia wamesema nini juu ya mtoto wake.

Pumzika sasa, yaya wangu, zamu yako imekwisha. Nilisimama. Nilirudia kila neno kwa Kinyarwanda, kutoka sentensi ile ya kwanza hadi udongo wa mwisho, na mama yako amesikia yote.