Ruhusa ya Kuongea na Bibi

Rosalind Thwaite alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia kufundisha Kichina katika shule moja ya sekondari huko Yorkshire, kwa watoto ambao wengi wao walilichagua somo hilo kwa kukimbia Kifaransa. Ujanani aliwahi kuishi Beijing miaka miwili, na hakukubali mtu asahau hilo. Toni zake, ule mpando na mshuko wa sauti unaobeba maana ya maneno ya Kichina, zilikuwa safi, alijua kuwa ni safi, na kujua huko kulimvimbisha kichwa. Kwenye ukuta wa darasa lake alibandika maandishi makubwa: Jamii ya Wachina huheshimu wazee. Mtihani huliuliza sana jambo hilo, na wanafunzi wake walilijibu kama kasuku.

Mwezi wa Oktoba, Wing-sum Lau, msichana aliyewapita wote darasani, alikuwa akisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Alipofika kwenye neno la kula, likamtoka kwa Kikantoni, Kichina cha nyumbani kwao, si kile cha darasani. Darasa likaangua kicheko.

"Hicho ni Kichina cha jikoni, Wing-sum," Rosalind akasema. "Kinakuharibia toni. Kiache kabisa mpaka mtihani wa mazungumzo upite."

"Kabisa, mwalimu?"

"Kabisa. Alama ya juu unaitaka au huitaki?"

Ulimi hauna mfupa. Kengele ilipolia, Rosalind alikuwa ameshasahau alichosema.

Mwezi wa Machi ikafika jioni ya wazazi kuonana na walimu madarasani. Baba na mama yake Wing-sum wasingeweza kuacha mgahawa wao saa za wateja, kwa hiyo msichana akaja na bibi yake. Bibi Lau alivaa koti lake la kutokea, akatoa mfuko wa machungwa kwa mikono miwili. Rosalind akamlaki kwa Kimandarini, kile Kichina cha Beijing alichokifundisha, kirefu na kilichonyooka. Bibi akaitikia salamu, mengine yakampita. Kisha akasema jambo kwa Kikantoni, taratibu, macho yakiwa mezani. Rosalind hakuambulia kitu.

"Anasemaje?"

Wing-sum aliinama. "Anashukuru kwa kunifundisha. Na... mwalimu, hayo mengine tuyaache."

"Sema tu, mwanangu."

"Anauliza mtihani ni lini. Tangu Oktoba sijaongea naye, na yeye hajui lugha nyingine. Ulisema kabisa. Hata chai nampa kwa ishara. Mama ndiye aliyemweleza kuwa ni amri yako. Sasa anauliza, mtihani ukipita, utaniruhusu niongee naye?"

Rosalind aliona aibu, ile ya kutamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, na shahada zake mbili, amemnyang'anya bibi kizee mjukuu wake kwa ajili ya neno moja! Na mzee wa watu hata hakuja kugomba. Kaja na machungwa, kuomba. Rosalind hakuthubutu kugeuka kuyatazama yale maandishi ya ukutani.

"Mwambie utaongea naye leo, sasa hivi," akasema. "Mwambie nilikosea. Kosa ni langu, si lako, na ninamwomba radhi."

Wing-sum akamgeukia bibi yake. Maneno yalitoka kwa kusitasita, machache. Bibi akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtiririka. Halafu akamshika Rosalind mikono yote miwili, akawa anaitikisa na kumshukuru, tena na tena.

"Umemwambia yote?" Rosalind akanong'ona.

"Nimemwambia umeruhusu."

"Na kwamba nilikosea?"

"Hapana." Msichana alimtazama usoni kwa mara ya kwanza jioni ile. "Mimi nilitaka kuacha huko kunyamaza tangu zamani, mwalimu. Yeye ndiye aliyekuwa akiniwekea kidole mdomoni, akisema ninyamaze, mwalimu anajua. Nikimwambia ulikosea, atajua tulinyamaza bure."

Bibi Lau alikuwa bado amemshika mikono, bado anashukuru, naye Rosalind akabaki anaitikia kwa kichwa na kuzipokea zile shukrani.