Mtoto wa Degedege Hachomwi Sindano

Nilipokuwa mtoto pale Kisanga, wageni walikuwa wakiletwa kunitazama. Mwanamke akija nyumbani kwetu kumwombea mtoto wake dawa ya degedege, mama aliniita kutoka popote nilipokuwa nikicheza, akanishika bega na kunigeuza huku na huku. "Huyu naye alipinda shingo hivi, macho juu, povu mdomoni," alisema. "Hakuchomwa sindano hata moja. Nilimfukiza tu. Mwangalie sasa, anabeba ndoo ya maji." Mgeni aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akashusha pumzi. Mimi sikukumbuka lolote kuhusu ugonjwa huo, nilikuwa mchanga mno uliponipata, lakini nilipenda kuitwa. Nilirudi mchezoni nikijiona mtu wa maana.

Dawa yenyewe aliileta baba. Alikuwa kibarua wa kufyeka nyasi kandokando ya barabara kuu kule Mikumi, mahali ambapo tembo huvuka lami bila haraka na malori yanasimama kuwasubiri. Alikaa huko wiki nzima, akarudi Jumamosi kwa baiskeli, na kwenye keria, pamoja na sukari na sabuni, kulikuwa na kiroba cha mavi ya tembo yaliyokauka. Mama aliyaweka juu ya makaa kwenye kigae, akamfunika mtoto kitambaa cheusi, moshi ukapanda chini yake. Majirani walimtania baba kwamba wanaume wenzake hurudi na nyama, yeye anarudi na mavi. Alicheka nao. Hakudai chochote kwa mtu, na nadhani ile sifa ilimtosha.

Kwetu kila mtu alijua kwamba degedege huletwa na dege lisiloonekana, linalopita juu ya mtoto aliyelala. Kivuli chake kikimpata, mtoto anashtuka, anakakamaa, anaanza kutupa mikono. Na kila mtu alijua sharti lake: mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa, anakufa. Nisieleweke vibaya, mama hakuwa mtu wa kuogopa hospitali. Kliniki ya watoto alitupeleka wote, na nilipokatwa na jembe mguuni alinibeba mbio hadi zahanati na kuwahimiza wanishone. Ni hili moja tu. Hili alilipokea kwa mama yake, na mimi nilikuwa nimeshamthibitishia kwamba ni kweli.

Mdogo wangu Shabani alikuwa ameanza kusimama kwa kushikilia vigoda. Masika yalikuwa yamekolea na mbu walikuwa hawana adabu. Alishinda na homa siku nzima ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilikuwa nimembeba mgongoni, mama anapepeta mchele uani, nikamsikia anakakamaa. Mwili wote ulikuwa mgumu kama kuni, kisha ukaanza kutetemeka dhidi ya mgongo wangu. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Mama, Shabani," naye akaangusha ungo.

Akamfukiza. Baada ya muda kidogo mtoto akalegea, akalia kidogo, akalala. Mama alinitazama kwa furaha, jasho likimtiririka. "Umeona, Rehema?" Nikamwambia nimeona. Kile kivuli kilirudi jioni, akamfukiza, kikaondoka. Kilirudi tena alfajiri, kikaondoka. Kila kilipoondoka Shabani alilala muda mrefu kuliko mara iliyotangulia, na mama alisema amepata usingizi mzuri.

Jumamosi mchana baba alifika. Aliweka kiganja kwenye paji la uso la mtoto na hakukiondoa upesi.

"Mama Rehema, twende zahanati."

"Kufanya nini? Watamchoma sindano."

"Na wamchome."

"Baba Rehema, unataka kuniulia mwanangu?"

Mama alimkumbatia Shabani kifuani, akasogea kwenye kona ya kitanda, mgongo ukagusa ukuta. Mimi nilikuwa barazani namenya mihogo ya chakula cha jioni na mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo niliona yote. Baba alitoka, akaenda kushika baiskeli. Akairudisha ukutani. Akaingia tena ndani, akaomba tena, safari hii kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Mama alitikisa kichwa. Baba alitoka tena. Kivuli cha nyumba kilitambaa uani hadi kikafika kwenye ndoo yangu ya maganda ya mihogo, na wao bado walikuwa hivyo, mmoja kitandani, mmoja mlangoni. Siku hizi nikisikia watu wanagombana kwa makelele huwa nashangaa wanapata wapi nguvu. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia ulikuwa wa kimya.

Alasiri mtoto alikataa ziwa. Hapo baba aliingia, akamchukua mikononi mwa mama. Mama hakumzuia, mikono ilikuwa imechoka. Baba alimfunga Shabani kifuani kwa khanga, akapanda baiskeli, akaondoka.

Alirudi kabla ya magharibi. Nilimwona kwa mbali akiikokota baiskeli. Haikuwa imeharibika, nilijua, kwa sababu magurudumu yalizunguka vizuri. Khanga bado ilikuwa kifuani pake. Mama alisimama barazani, na hakuuliza kama mtoto yu hai.

"Wamemchoma?"

"Wamemchoma," alisema baba.

Mama akaingia ndani. Mihogo niliyoimenya ililiwa na watu waliokuja msibani. Sikulia, na mpaka leo nikimkumbuka Shabani silii. Namkumbuka mgongoni tu, ule ugumu. Watu huniuliza kama bado inaniuma na mimi najibu ndiyo kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa, lakini ukweli ni kwamba pale pana ganzi, na imekaa muda mrefu hivi kwamba nimeizoea.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na ushahidi wa pande zote mbili: Rehema alifukizwa akapona, Shabani alichomwa akafa. Nani angebishana naye? Niliendelea kuitwa mbele ya wageni, ila sasa baada ya kunigeuza aliongeza habari ya mdogo wangu, na mara nyingi baba alikuwepo akisikia. "Baba yao ndiye aliyempeleka," mama alisema, bila ukali, kama anavyotaja jina la kijiji. Baba hakujibu hata siku moja. Viroba tu ndivyo alivyoacha kuleta. Nilikua nikiamini kwamba amenyamaza kwa kuwa anajua ana kosa.

Sasa mimi ni fundi cherehani mjini Mikumi, nina mume na mtoto mmoja, Idrisa, na wazazi wangu wanaishi nasi kwa kuwa miguu ya baba haitaki tena shamba. Mama ana simu ya kugusa. Anatumiwa sauti za watu wanaojiita madaktari, wengine wakisema chanjo za watoto zinafunga kizazi, wengine wakiuza mafuta ya tembo ndani ya chupa yenye lebo nzuri. Ananiletea nisikilize. Nasikiliza hadi mwisho, namwambia, "Nimesikia, mama," narudi kwenye mashine. Zamani nilikuwa nabishana naye. Nimechoka, na kubishana hakujawahi kumbadilisha mtu ninayemfahamu.

Masika yaliyopita Idrisa alipata homa, na mchana wake, akiwa amelala kwenye mkeka karibu na cherehani, akakakamaa. Niliutambua ule ugumu kabla sijamgusa. Nilipomnyanyua, mama alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono kwenye miimo yote miwili.

"Mwanangu, unajua. Usimpeleke. Unajua."

"Mama, nipishe."

"Watamchoma, Rehema!"

Alikuwa analia, na sikuwa nimemwona akilia tangu nizaliwe, hata kwenye msiba ule. Wala sikuwa na hasira naye. Sikuwa na chochote. Niliinama nikapita chini ya mkono wake, na nje nikamkuta baba na fimbo yake katikati ya njia, ameshasimamisha bodaboda.

Hospitali walimtoboa kidole, wakapima damu, wakasema ni malaria kali. Walimchoma sindano nami nikiwa nimemshika mguu. Nilihesabu pumzi zake moyoni nikingoja ile ya mwisho, kwa maana mtu hawezi kulelewa katika jambo halafu asiwe nalo hata kidogo. Haikuja. Baada ya siku chache za dripu alianza kudai soda, na tukarudi nyumbani.

Mama alimwogesha mwenyewe. Alimpaka mafuta taratibu, akamkagua shingo, akamfungua kiganja na kukifunga. Baba alikuwa pembeni anakunywa chai. Kisha mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi hili halikuwa degedege."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilitaka kumwambia kwamba mimi nilimshika, kwamba ulikuwa ugumu uleule, na kwamba kama sindano haikumuua Idrisa basi haikumuua Shabani pia. Lakini nilipomtazama usoni niliona kwamba ameshafika huko mwenyewe, kabla yangu, na alichokikuta ni kile kitanda na ile kona na jua likisogea, na yeye amemkumbatia mtoto. Alikuwa ananitazama akingoja.

Baba ndiye aliyejibu. Alitua kikombe chini. "Halikuwa, Mama Rehema," alisema. "Ilikuwa homa tu."

Akaendelea na chai yake. Mama akamvalisha mtoto shati. Miaka yote nilidhani baba ananyamaza kwa sababu amekubali lawama, na kumbe alikuwa amempa mama mahali pa kuiweka, na siku hiyo alikuwa na nafasi ya kuitua akaamua kuendelea kuibeba.

Wanawake wanaoniletea nguo za kushona wakiniambia mtoto anachemka, nawaambia wakimbie hospitali sasa hivi, nguo wataziacha hapo. Nawaambia Idrisa alichomwa sindano na yule pale anacheza. Wakiniuliza, "Lakini lilikuwa degedege?" na mama amekaa kwenye benchi, nasema sijui, muhimu ni kuwahi. Akiwa hayupo, nasema ndiyo.